Shajara ya mradi: maji ya bamvua, orodha ya vituo na minyororo ya R

Jumamosi

Lengo ni dogo. Nachukua vipimo vya kimo cha bahari vya kila saa kutoka vituo vichache vya Bahari ya Hindi, nakokotoa tofauti ya maji kujaa na kupwa kwa kila siku, halafu naipanga tofauti hiyo kwa umri wa mwezi. Wavuvi na akina mama wa mwani hawangoji kompyuta iwaambie bamvua, yaani kujaa na kupwa kukubwa kwa maji karibu na mwezi mwandamo na mpevu, linakuja lini. Mimi nataka kuona namba zinalichora vipi, na kama Lamu, Mombasa na Unguja zinakwenda sambamba.

Data zinatoka kwenye kituo cha usawa wa bahari cha Chuo Kikuu cha Hawaii, ambacho huziweka wazi kwa yeyote kupakua. Nimechagua Lamu, Mombasa, Zanzibar, Pointe La Rue ya Shelisheli, na Salalah ya Oman. Faili ni CSV (maandishi yanayotenganishwa kwa mkato) zisizo na vichwa vya safu: mwaka, mwezi, siku, saa, na kimo kwa milimita. Saa zote ni za UTC, saa ya kimataifa. Kipimo kilipokosekana wameandika -32767, na usipokiondoa, bahari ya Unguja itapata siku yenye tofauti ya zaidi ya mita 30 bila R, lugha ya programu ya takwimu ninayoitumia, kukutolea onyo hata moja.

Ndani ya mradi huu kuna mwingine, na ndio hasa ninaouandikia shajara: nizungukie vipi mkusanyo wa data kwenye R ili atakayesoma msimbo baada yangu aufuate kama anavyofuata maelezo ya mdomo. Nina njia tatu za kujaribu: kitanzi cha kawaida (`for`, kinachorudia kazi kwa kila faili), kitu chenye methodi (fanksheni zinazoishi ndani yake) zinazoungana mnyororo, na bomba (alama inayopeleka jibu la hatua moja kwenye hatua inayofuata).

Hizi hapa ndizo fanksheni mbili za msingi; `kanda` ni ukanda wa saa wa kituo, na `faili` itakayokuja baadaye ni orodha ya faili zenye majina ya vituo. Zimebaki vilevile katika majaribio yote.

```r
soma <- function(njia) {
  read.csv(njia, header = FALSE, na.strings = "-32767",
           col.names = c("mwaka", "mwezi", "siku", "saa", "kimo")) |>
    transform(muda = ISOdatetime(mwaka, mwezi, siku, saa, 0, 0, tz = "UTC"))
}

tofauti_ya_siku <- function(d, kanda) {
  d |>
    transform(tarehe = as.Date(muda, tz = kanda)) |>
    aggregate(kimo ~ tarehe, data = _,
              FUN = \(k) if (length(k) < 24) NA else diff(range(k)) / 1000)
}
```

Siku ambayo haikutimiza saa 24 inapewa NA, alama ya R ya thamani isiyokuwepo. Ni ukali, lakini siku iliyokosa saa tatu huenda imekosa zile zile saa ambazo maji yalikuwa juu kabisa, na hapo tofauti utakayoipata ni ya uongo.

Jumapili: kitanzi kwanza

Nimeanza na `for` kwa makusudi. Ukitaja R tu, kuna watu watakuambia papo hapo uachane na vitanzi kwa sababu ni vizito. Huo ni uvumi uliozeeka. Kinachoilemea R ni yale ambayo watu wanayafanya ndani ya kitanzi, hasa kuongeza mstari mmoja mmoja kwenye jedwali kwa `rbind`. Kila mzunguko R inanakili upya kila kilichotangulia, na jedwali likikua, kazi inakua kwa mraba wake.

```r
siku <- vector("list", length(faili))
for (i in seq_along(faili)) {
  d <- soma(faili[[i]])
  d <- d[!is.na(d$kimo), ]
  siku[[i]] <- tofauti_ya_siku(d, kanda[[i]])
}
```

Orodha imetengewa nafasi mapema, kila matokeo yanaingia mahali pake, na hakuna kinachonakiliwa bure. `seq_along` nayo si madoido: `1:length(faili)` ikikutana na orodha tupu inatoa 1 na 0, na kitanzi kinazunguka mara mbili juu ya hewa.

Kwa hiyo kasi sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kwenye usomaji. Jina `d` lina maana mbili ndani ya mistari miwili, na `i` ipo pande zote za msimbo ingawa haina habari yoyote ya bahari. Msomaji analazimika kuchuja mwenyewe: hiki ni uchukuzi wa namba, hiki ndicho kinachofanyiwa data.

Jambo jingine nimeliamua leo na sitalirudia: mzunguko ni juu ya vituo, si juu ya saa. Mwaka mmoja una saa 8,760. Miaka 30 ni saa zaidi ya 260,000 kwa kituo kimoja. Anayezungukia saa mojamoja ndiye atakayeiona R kuwa konokono. Saa zinashughulikiwa kwa pamoja, vekta (mfululizo wa thamani) nzima kwa mkupuo, na umri wa mwezi ni mfano mzuri:

```r
umri_wa_mwezi <- function(tarehe) {
  asili <- as.POSIXct("2000-01-06 18:14", tz = "UTC")
  adhuhuri <- as.POSIXct(paste(tarehe, "09:00"), tz = "UTC")
  as.numeric(difftime(adhuhuri, asili, units = "days")) %% 29.530588
}
```

Mwezi mpya wa tarehe 6 Januari 2000 ndio mwanzo wa hesabu, na siku 29.53 ni urefu wa wastani wa mwezi mwandamo. Mwandamo halisi huweza kupishana na huu wa wastani kwa saa kadhaa, hata zaidi ya nusu siku, lakini kwa kupanga siku kwenye mafungu inatosha. Tarehe elfu kumi zinaingia na umri elfu kumi unatoka. Hakuna kitanzi, hakuna chochote.

Jumanne

Nimepitia haraka familia ya apply, fanksheni za R zinazofanya kazi moja juu ya kila kitu kwenye orodha. `lapply` haina neno: orodha inaingia, orodha yenye urefu uleule inatoka, na majina ya vituo yanabaki. `sapply` nimeipiga marufuku kwenye mradi huu. Inakisia umbo la jibu: leo vekta, kesho matriki, keshokutwa orodha, kutegemea data zilivyoamka. Tazama:

```r
sapply(list(), nrow)
#> list()
vapply(list(), nrow, integer(1))
#> integer(0)
```

Ya kwanza imepewa orodha tupu ikarudisha orodha. Ya pili imeambiwa mapema jibu ni namba kamili moja kwa kila kitu, ikashika neno hata pasipokuwa na kitu. Ukitaka kuunganisha hatua kumi mfululizo, kila hatua lazima iwe na ahadi kuhusu umbo la kinachotoka, la sivyo hatua ya saba inavunjika kwa kosa lililofanywa na ya tatu.

Alhamisi usiku: kitu chenye methodi

Hapa ndipo nilipokaa sana. Mwenzangu tunayesaidiana naye, aliyelelewa na Python, aliniuliza, "Kaka, kwa nini usitengeneze darasa lako, kila methodi irudishe kitu chenyewe, ukaandika nukta-nukta mpaka mwisho?" Kwenye pandas, pakeji ya data ya Python, ndivyo watu wanavyofanya. Kwenye R nukta ni sehemu ya jina, kwa hiyo kiungo kinakuwa alama ya dola, na pakeji ya R6 inatoa madarasa ya namna hiyo, yaani violezo vya vitu, bila taabu.

```r
Mkusanyo <- R6::R6Class("Mkusanyo", public = list(
  vitu = NULL,
  initialize = function(vitu) {
    self$vitu <- vitu
  },
  geuza = function(f, ...) {
    self$vitu <- lapply(self$vitu, f, ...)
    invisible(self)
  },
  chuja = function(f) {
    self$vitu <- Filter(f, self$vitu)
    invisible(self)
  },
  kunja = function(f) Reduce(f, self$vitu)
))
```

Siri yote ni `invisible(self)`. Methodi inafanya kazi yake kisha inakukabidhi kitu kilekile, nawe unashika methodi inayofuata. Matumizi yake yanapendeza:

```r
vituo <- Mkusanyo$new(lapply(faili, soma))

vituo$
  geuza(safisha)$
  chuja(\(d) nrow(d) > 0)$
  geuza(tofauti_ya_siku, kanda = "Africa/Nairobi")
```

Dola inakaa mwisho wa mstari, si mwanzo wa unaofuata, kwa sababu R ikiona mstari umekamilika haingoji. `safisha` yenyewe ni fupi, `function(d) subset(d, !is.na(kimo))`, na nimeitenga ili iwe na jina.

Sasa endesha mnyororo huo mara ya pili bila kugusa kingine. Unavunjika, kwani `tofauti_ya_siku` inatafuta safu ya `muda` na haipo tena: jedwali la saa limeshageuka jedwali la siku ndani ya `vituo`. Hiyo ni bahati, maana angalau kumetokea kelele. Badilisha hatua ya mwisho iwe kitu kama `\(d) transform(d, kimo = kimo / 1000)`, na mara ya pili hakuna kelele yoyote. Milimita zimekuwa mita, mita zimekuwa kitu kisicho na jina, na mchoro unatoka na umbo lilelile zuri.

Sababu iko kwenye misingi ya R. Karibu kila kitu ndani yake hufuata kanuni moja: ukikibadilisha, unapata nakala, na cha awali kinabaki salama. Vekta ziko hivyo, orodha ziko hivyo, majedwali yako hivyo. Mazingira (environment), yaani sanduku la majina na thamani zake, hayafuati kanuni hiyo, na kitu cha R6 kimejengwa juu ya mazingira. Majina mawili yanaweza kushika kitu kimoja:

```r
nakala <- vituo
nakala$chuja(\(d) nrow(d) > 1000)
length(vituo$vitu)   # nayo imepungua
```

Anayetaka nakala ya kweli inabidi aseme `vituo$clone()`, na ni nani anakumbuka kusema hivyo saa tano usiku? Kwa programu inayoendeshwa mara moja kutoka juu hadi chini, tabia hii inavumilika. Lakini kazi ya takwimu haifanywi hivyo. Tunakaa kwenye konsoli, dirisha la kuandikia amri, tunaendesha mstari, tunatazama, tunarekebisha namba moja, tunauendesha tena mstari uleule. Kitu kinachokumbuka kuwa kimeshafanyiwa jambo kinapingana na mtindo huo moja kwa moja.

Ijumaa

Nimejaribu tiba ya kawaida: kila methodi irudishe kitu kipya, `Mkusanyo$new(lapply(self$vitu, f, ...))`, badala ya kubadilisha cha zamani. Imefaulu. Mnyororo unaendeshwa mara mia na `vituo` haijaguswa.

Baada ya hapo nimejiuliza darasa linabaki na kazi gani. Halikumbuki chochote tena, na sifa ya R6 ilikuwa ni kukumbuka. Limebaki kuwa orodha iliyovishwa koti. Mbaya zaidi, mnyororo unakubali methodi zilizomo darasani tu. Nikitaka `head`, au `rev`, au `split`, lazima nirudi kuliandika darasa upya. Mwenzangu akileta fanksheni yake nzuri, haina mlango wa kuingilia.

R6 ina mahali pake: muunganisho wa hifadhidata, kidhibiti cha programu ya wavuti, chochote ambacho kwa asili yake ni kimoja na kinabadilika. Orodha ya vituo vitano si kitu cha aina hiyo. Nimeifuta faili ya darasa kwenye hazina ya msimbo.

Jumapili: bomba

Bomba la `|>` liliingia kwenye R yenyewe katika toleo la 4.1.0, Mei 2021, pamoja na `\(x)` ya kufupisha fanksheni isiyo na jina. Kabla ya hapo watu walikuwa wakitumia `%>%` ya pakeji ya magrittr tangu 2014. Huwa nalifikiria hili: bomba la Unix lilizaliwa Bell Labs mwaka 1973, na lugha ya S, mama wa R, ikazaliwa humo humo Bell Labs mwaka 1976. Wazo lilikuwa kwenye jengo moja na bado lilichukua zaidi ya miaka arobaini kulifikia jedwali la mtakwimu.

Ninachokipenda kwenye `|>` ni kwamba hakuna uchawi. R inaposoma msimbo inaugeuza tu uandishi, kabla ya kuendesha chochote:

```r
quote(d |> safisha() |> tofauti_ya_siku(kanda))
#> tofauti_ya_siku(safisha(d), kanda)
```

Ndiyo maana mabano ni lazima; `d |> safisha` inakataliwa hapo hapo. Na ndiyo maana fanksheni yoyote duniani ni pete halali ya mnyororo, mradi data ziingie kama hoja ya kwanza. Zisipoingia kwanza, tangu 4.2.0 unaweza kuweka `_` kwenye hoja yenye jina, kama nilivyofanya kwa `data = _` hapo juu.

Kuna tatizo dogo la kurithi. `Filter`, `Map` na `Reduce` zinataka fanksheni kwanza na data baadaye, desturi iliyotoka kwenye lugha kongwe ya Lisp. Ukitaja jina la hoja, data zinajipenyeza mahali pake:

```r
faili |>
  lapply(soma) |>
  lapply(safisha) |>
  Filter(f = \(d) nrow(d) > 0) |>
  Map(f = tofauti_ya_siku, kanda = kanda)
```

Inafanya kazi, ila macho yanajikwaa. Tena mstari wa mwisho una mtego: `Filter` ikiondoa kituo kimoja, orodha ya kanda bado ina tano, na Pointe La Rue inaweza kupewa saa za Zanzibar. Orodha mbili zinazotembea bega kwa bega hazipaswi kuchujwa moja peke yake. Kwa kanda za saa madhara ni madogo, tofauti ni saa moja tu kati ya Afrika Mashariki na Oman au Shelisheli. Lakini zingekuwa namba za marekebisho ya kipimo, ningekuwa nimeharibu kila kitu.

Nimehamia pakeji ya purrr, yenye familia yake ya `map`, kwa sehemu hii. Siifuati kwa ushabiki; `map2` inadai orodha mbili ziwe na urefu mmoja (au moja iwe na kitu kimoja tu) na hukataa vinginevyo, `map_dbl` inadai namba moja kwa kila kitu, na `list_rbind(names_to = "kituo")`, iliyokuja na toleo 1.0.0 mwishoni mwa 2022, inaziunganisha jedwali zote na kugeuza majina ya orodha kuwa safu. Ahadi za umbo, zile nilizozidai Jumanne.

Jumatatu

Faili moja imepakuliwa ikatoka tupu. Ajali nzuri ya kujaribia. `lapply` ilisema hivi:

```
Error in read.table(file = file, header = header, sep = sep, quote = quote,  : 
  no lines available in input
```

Faili ipi? Haisemi. `map` kwa kosa lilelile ilitaja namba ya nafasi kwenye orodha na jina la kituo: Lamu. Kwa orodha ya vitano ningeweza kutafuta kwa mkono. Kwa mia tatu, jina hilo ni nusu siku ya kazi.

Mwenzangu alipendekeza `possibly(mchakato, otherwise = NULL)` ikifuatwa na `compact()`, ambayo hutupa kila kilicho tupu. Nimekataa. Mnyororo utafika mwisho ukiwa na vituo vinne, jedwali litapendeza, na hakuna atakayejua kwamba Lamu ilidondoka njiani. Nimechukua `safely`, inayorudisha jibu na kosa kando kando kwa kila kituo, kisha nachapisha majina yaliyoanguka kabla ya kuendelea. Mistari mitatu zaidi, na inakata mnyororo vipande viwili. Ni sawa. Mnyororo unapaswa kukatwa pale ambapo binadamu anapaswa kutazama.

Kwa utazamaji mdogo mdogo nimejiandikia hii, inayochungulia bila kugusa:

```r
chungulia <- function(x, f = str) {
  print(f(x))
  x
}
```

Inachomekwa popote katikati: `chungulia(names)`, `chungulia(\(x) vapply(x, nrow, integer(1)))`. Ikishamaliza kazi, naifuta mstari wake na pande mbili zinaungana zenyewe.

Jumatano: mnyororo wa ndani na wa nje

Swali la kumbukumbu ya kompyuta. Orodha za R hazina uvivu: kila pete ya mnyororo inamaliza kazi ya vituo vyote kabla ya pete inayofuata kuanza. `lapply(soma)` inaweka majedwali yote matano ya kila saa kwenye kumbukumbu kwa wakati mmoja, ndipo `lapply(safisha)` inaanza. Java ina mikondo inayovuta kitu kimoja kimoja, na Python ina jenereta. Hapa hakuna kitu cha namna hiyo kwenye orodha za kawaida.

Suluhisho halihitaji pakeji. Badala ya kupitisha vituo vyote kwenye kila hatua, nakipitisha kila kituo kwenye hatua zote:

```r
mchakato <- function(njia, kanda) {
  njia |> soma() |> safisha() |> tofauti_ya_siku(kanda)
}

siku <- purrr::map2(faili, kanda, mchakato) |>
  purrr::list_rbind(names_to = "kituo") |>
  transform(umri = umri_wa_mwezi(tarehe))
```

Jedwali zito la saa linazaliwa na kuachwa ndani ya `mchakato`. Kinachotoka nje ni mstari mmoja kwa siku. Sasa kilele cha matumizi ya kumbukumbu kinategemea kituo kikubwa kuliko vyote, hakitegemei idadi ya vituo. Kwa vitano sijali. Nikiongeza vituo vyote vya Bahari ya Hindi, nitajali.

Na faida nyingine sikuitarajia: `mchakato` inajaribika peke yake. Naipa faili moja, naona jibu moja. Mzunguko umebaki mstari mmoja usio na cha kuharibika. Toleo linalokwenda kazini linavisha `mchakato` `safely` ya Jumatatu. Hapa nimeiacha ili umbo lionekane.

Tanbihi kwa atakayeongeza vituo. Herufi mwishoni mwa jina la faili hutenganisha vipindi ambavyo sifuri ya kipimo haikuweza kuunganishwa. Msiviunganishe mkapiga wastani wa kimo, mtapata bahari iliyoruka ghafla. Sisi tunatumia tofauti ndani ya siku moja, na tofauti haijui sifuri ilikuwa wapi.

Jumamosi: namba

Jedwali la kwanza limetoka, mediani ya tofauti ya siku kwa kila umri wa mwezi:

```r
with(siku, tapply(kimo, list(kituo, floor(umri)), median, na.rm = TRUE))
```

Lamu, Mombasa na Zanzibar zinapanda na kushuka pamoja, milima miwili kwa mwezi. Kwenye bamvua tofauti inapita mita 3, kwenye maji mafu (siku za tofauti ndogo, kati ya bamvua na bamvua) inashuka hadi karibu na mita moja. Kilele hakiangukii siku yenyewe ya mwandamo wala ya mwezi mpevu. Kinachelewa siku moja mbili, kama mvuvi yeyote wa Nungwi angekuambia bila kufungua kompyuta. Pointe La Rue na Salalah zina milima hiyo pia, ila ni mifupi.

Namba zetu ziko chini kidogo ya ukweli, na kiasi chake kinakadirika. Wimbi kuu la mwezi lina kipindi cha saa 12.42. Ukipima kila saa, kilele kinaweza kuwa nusu saa mbali na kipimo cha karibu, na hapo unakosa takriban asilimia 3 ya kimo cha wimbi. Kwa wimbi la mita 1.7 kutoka usawa wa kati hadi kilele ni sentimita 5 hivi juu, na kama hizo chini. Kwa mchoro haidhuru. Anayetaka kujenga gati asitumie jedwali hili.

Yaliyobaki: kutenganisha Machi na Septemba, ambapo bamvua huwa kubwa zaidi kwa sababu ya ikwinoksi (usiku na mchana kulingana), na kuona kama inaonekana hata kwenye mediani. Nitaongeza safu ya mwezi wa kalenda kwenye `transform` ya mwisho; pete nyingine hazitaguswa. Faili ya Lamu nilishaipakua upya kabla ya jedwali hili, na kabla ya kuendesha chochote nililinganisha ukubwa wake na ulioandikwa kwenye seva.